Mzimamoto na fundi wa gesi: Kazi mbili, somo moja

KAZI ya zimamoto na ufundi wa gesi huhesabiwa na wengi kuwa fani mbili zisizohusiana. Mmoja huvaa kofia ngumu na kukokota mpira wa maji. Mwingine hubeba spana na kukagua mabomba. Hata hivyo, mtungi unapovuja jikoni au lori la gesi linapopinduka barabarani, wawili hao hukutana mahali pamoja, na uhai wa watu hutegemea jinsi kila mmoja anavyoielewa kazi ya mwenzake.

Usiku wa Februari 1, 2024, mlipuko mkubwa wa gesi ulitokea katika mtaa wa Mradi, Embakasi, jijini Nairobi. Watu kadhaa walifariki na wengine zaidi ya 200 wakajeruhiwa. Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) ilieleza baadaye kwamba mwaka 2023 ilikuwa imekataa maombi ya kujenga kituo cha gesi mahali hapo, kwa kuwa michoro haikutimiza masharti ya usalama.

Mkasa huo ulidhihirisha jambo ambalo wakufunzi wa fani zote mbili husisitiza: moto wa gesi huzuiwa kwenye mchoro na kwenye valvu, muda mrefu kabla ya king'ora kulia.

Tabia ya gesi

Mwanafunzi wa fani yoyote kati ya hizi huanza kwa kuijua gesi yenyewe. Gesi ya kupikia inayouzwa kwa mitungi nchini Kenya ni propani na butani zilizogandamizwa hadi zikawa kioevu. Lita moja ya kioevu hicho ikitoka nje hugeuka kuwa takriban lita 250 za gesi.

Mtungi wa kilo 13, kwa hivyo, unaweza kutoa takriban lita 6,000 za gesi. Gesi hii huweza kushika moto ikifikia kiasi cha asilimia mbili tu ya hewa. Kwa hesabu hiyo, mtungi mmoja unatosha kuifanya hewa ya vyumba sita, kila kimoja chenye urefu na upana wa mita nne na kimo cha mita tatu, iwe tayari kulipuka.

Isitoshe, gesi hii ni nzito kuliko hewa. Haipai, bali hutambaa sakafuni, ikaingia mitaroni na katika vyumba vya chini ya ardhi, na inaweza kukutana na cheche mbali na ilikotokea. Haina harufu ya asili. Ile harufu kali inayofahamika jikoni hutiwa kimakusudi ili kuwatahadharisha watu.

Gesi asilia ni kinyume chake. Nchini Tanzania, ambako gesi ya Songo Songo ilianza kufika Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004, fundi hushughulika na methani, ambayo ni nyepesi kuliko hewa na hupaa juu. Fundi asiyetofautisha gesi hizi mbili ataweka kifaa cha kutambua uvujaji mahali pasipofaa.

Mafunzo ya zimamoto

Mzimamoto hufundishwa kwamba moto huhitaji vitu vitatu: joto, kinachoungua na hewa ya oksijeni. Kuuzima ni kuondoa kimojawapo. Maji hufaa kwa mbao na nguo, ilhali petroli huhitaji povu, na umeme hukatwa kwanza kabla ya lolote kufanywa.

Kwa upande wa gesi, somo hili huwashangaza wageni. Mwali unaotoka kwenye mtungi hauzimwi kabla ya kupatikana njia ya kufunga gesi. Mwali ukizimwa huku gesi ikiendelea kutoka, hujikusanya bila kuonekana na huweza kulipuka ghafla. Kazi ya maji hapo ni kupoza mtungi na vilivyo karibu, kwa sababu chuma kilicho juu ya usawa wa kioevu hulegea kikipata joto kali na mtungi ukapasuka.

Mbali na hayo, mwanafunzi hujizoeza kutumia kifaa cha kupumulia ndani ya moshi, kupanda ngazi, kuokoa majeruhi, kutoa huduma ya kwanza na kutii amri. Siha ya mwili ni sharti la kila siku.

Mafunzo ya gesi

Fundi wa gesi naye hujifunza kuunganisha mabomba, kuchagua regyuleta na mpira unaofaa, kupima mgandamizo, na kutafuta uvujaji kwa maji ya sabuni badala ya kibiriti. Hufundishwa pia umbali unaotakiwa kati ya matangi na makazi, upitishaji wa hewa, na namna ya kuandika ripoti ya ukaguzi.

Nchini Kenya, Taasisi ya Mafuta na Gesi ya Morendat, iliyoko Naivasha, ilianzishwa na Kampuni ya Kenya Pipeline kufunza wataalamu wa sekta hii. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro mjini Kakamega kimejulikana kwa masomo ya kukabiliana na majanga.

Sheria na ajira

Katiba ya 2010 iliweka huduma za zimamoto mikononi mwa serikali za kaunti, na ndizo huajiri wazimamoto wake. Tanzania ilifuata njia tofauti: sheria ya 2007 iliunda Jeshi la Zimamoto na Uokoaji la taifa.

Kaunti si mwajiri pekee. Viwanja vya ndege, bandari, viwanda na maghala ya mafuta huhitaji wataalamu hao. Kanuni za kupunguza hatari ya moto za mwaka 2007, zilizo chini ya sheria za usalama kazini, huwataka waajiri kuwa na vikosi vya moto na kufanya mazoezi ya kuhama majengo angalau mara moja kwa mwaka.

Kabla ya kulipa karo, mzazi anashauriwa kuthibitisha kwamba chuo kimesajiliwa na Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Kiufundi (TVETA), na kwamba cheti chake kinatambuliwa na waajiri. Aombe pia kuonyeshwa uwanja wa mazoezi. Chuo kinachofundisha moto ubaoni tu, bila mpira wa maji, moshi wala mtungi wa kujaribia, humwandaa kijana kwa mtihani wala si kwa kazi.

Anayechagua zimamoto na aulize kama atafundishwa valvu. Anayechagua gesi na aulize kama atafundishwa moto. Chuo kinachojibu ndiyo kwa maswali yote mawili kinastahili kufikiriwa kwanza.