Nadhiri ya Kutokula Nyama

Watu waachao nyama hawaiachi wote kwa sababu moja. Wengine huiacha kwa dini, wengine kwa afya, wengine kwa kuwahurumia wanyama. Mohandas Gandhi, aliyezaliwa Porbandar katika Bara Hindi mwaka 1869, alipitia sababu hizo moja baada ya nyingine, na habari zake zastahili kufikiriwa.

Jamaa zake walikuwa Wahindu wasiogusa nyama. Lakini alipokuwa kijana, rafiki mmoja alimwambia ya kuwa Waingereza wamewatawala Wahindi kwa sababu hula nyama, ndipo wapatapo nguvu. Gandhi akaamini, akala nyama ya mbuzi kwa siri kando ya mto. Usiku ule hakulala vema. Alijiona kana kwamba mbuzi hai analia tumboni mwake. Hata hivyo aliendelea yapata mwaka, ingawa karamu hizo hazikuzidi sita. Kisha akaacha, si kwa kuichukia nyama, bali kwa kuona vibaya kuwadanganya wazazi wake.

Mwaka 1888 alitaka kwenda London kusoma sheria. Mama yake, Putlibai, aliogopa, asimpe ruhusa mpaka mwanawe alipoweka nadhiri ya kutogusa mvinyo, wala wanawake, wala nyama. Huko London njaa ilimtaabisha, maana mboga zilichemshwa bila chumvi wala viungo. Rafiki mmoja akamwambia ya kuwa nadhiri iliyowekwa mbele ya mama asiyejua kusoma haina thamani. Gandhi alikiri ya kuwa hoja zimemshinda, lakini nadhiri hakuivunja.

Hata siku moja akauona mkahawa wa wasiokula nyama. Hapo alinunua kwa shilingi moja kitabu cha Henry Salt cha kutetea chakula cha mboga, kisha akala akashiba. Alipokwisha kukisoma, jambo alilolishika kwa ajili ya mama akalichagua yeye mwenyewe. Akaingia katika chama cha wasiokula nyama, akawa mjumbe wa kamati yake.

Wako waliosema ya kuwa mayai si nyama, naye akayala. Kisha akakumbuka ya kuwa mama yake huyahesabu kuwa nyama, na mwenye kuweka nadhiri hana ruhusa ya kuigeuza maana yake. Akayaacha.

Mwezi wa Novemba 1931, alipokuwa London tena, alihutubia chama kile, na Salt alikuwapo. Aliwaambia ya kuwa aachaye nyama kwa ajili ya mwili tu mara nyingi huirudia. Adumuye ni yule mwenye sababu ya wema na haki. Tena akawaonya wasijivune mbele ya walao nyama.

Basi, neno kubwa katika habari hii si nyama wala mboga. Heshima kwa mzazi ilimlinda kijana wakati akili yake ilipokuwa haijapata jibu. Na jibu lilipopatikana, heshima ile haikupungua. Ahadi ni deni, nalo hulipwa hata pale asipokuwapo wa kudai.