Litokako Wimbi na Liendako: Historia Fupi ya Kusanifisha Istilahi za Takwimu za Mawimbi ya Bahari

Utangulizi

Istilahi isiyoeleweka humlazimu msomaji aulize maana yake. Istilahi ielewekayo kwa namna mbili humwacha aendelee kusoma kwa utulivu, hali amekwisha potea. Mfano mzuri wa istilahi ya aina hii ya pili unapatikana katika elimu ya bahari, nao ni ule unaohusu upande wa mawimbi.

Tuseme katika daftari la takwimu imeandikwa kwamba upande wa mawimbi ni nyuzi 180, yaani kusini. Mtaalamu mmoja atasoma kwamba mawimbi yanatoka kusini. Mwenziwe, aliyefunzwa katika chuo kingine, atasoma kwamba mawimbi yanakwenda kusini. Tofauti yao ni nusu duara kamili, na hakuna tofauti iwezayo kuzidi hiyo. Wala tarakimu yenyewe haitoi dalili yo yote ya kosa, kwa kuwa 180 ni tarakimu halali kwa wote wawili. Mhandisi atakayeitegemea katika kujenga ukuta wa kukinga bandari aweza kuusimamisha upande ulio shwari, na kuuacha wazi mlango upigwao na bahari.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi utata huu ulivyozuka, jinsi wataalamu walivyojaribu kuuondoa, na fundisho lililomo kwa wale wanaounda istilahi za sayansi katika Kiswahili.

Upepo na mkondo

Chanzo cha utata ni cha kale kuliko sayansi yenyewe. Mabaharia wa mataifa mengi wameuita upepo kwa jina la utokako. Pwani ya Afrika ya Mashariki ni shahidi wa jambo hili. Kaskazi ni upepo utokao pande za kaskazini-mashariki, nao huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi. Kusi ni upepo utokao pande za kusini, uvumao katikati ya mwaka. Hapana nahodha asemaye kusi akakusudia upepo uendao kusini.

Mkondo wa bahari, kinyume cha upepo, huitwa katika elimu ya bahari kwa jina la uendako. Mkondo wa Pwani ya Afrika ya Mashariki huelekea kaskazini mwaka mzima, na kwa hiyo hutajwa kuwa ni mkondo wa kaskazini. Basi wakati wa kusi, upepo wa kusini na mkondo wa kaskazini husafiri pamoja, njia moja, ingawa majina yao yanapingana.

Desturi hizi mbili zina mantiki yake. Mwenye tanga hutaka kujua upepo unamjia kutoka wapi, ili apate kuligeuza tanga lake. Kuhusu mkondo swali lake ni jingine: maji haya yatanichukua wapi? Kila jina lilijibu swali la mtumiaji wake, na kwa muda mrefu halikumdhuru mtu.

Taabu ilianza kwa wimbi, kwa sababu wimbi lina uhusiano na vyote viwili. Ni mtoto wa upepo, kwa hiyo wataalamu wa hali ya hewa waliona ni haki liitwe kwa desturi ya mzazi wake. Lakini husafiri juu ya bahari kama mkondo, na wanahisabati walioandika kanuni za mwendo wake waliuchora mshale uelekeao liendako. Hivyo wimbi moja likapata majina mawili yaliyo kinyume.

Jitihada za mataifa

Haja ya kuandika habari za bahari kwa namna moja ilitambuliwa mapema. Mwaka 1853 wajumbe wa mataifa kadhaa ya Ulaya na wa Marekani walikutana Brussels, kwa juhudi za Matthew Fontaine Maury, ofisa wa jeshi la majini la Marekani. Walikubaliana juu ya mfano mmoja wa daftari ambamo merikebu zingeandika habari za pepo na mikondo. Karibu karne moja baadaye, mwaka 1950, Mkataba wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani ulianza kutumika, na shirika hilo likawa mlinzi wa kanuni za kupeleka habari za hewa na bahari kwa tarakimu.

Kanuni hizo zilifuata desturi ya upepo. Katika taarifa za meli, upande wa mawimbi yaliyosafiri kutoka tufani za mbali huandikwa kwa makumi ya nyuzi, kwa kutaja yatokako. Kaskazini ni 36. Alama ya 00 imewekwa kwa bahari isiyo na mawimbi, na 99 kwa mawimbi yaliyovurugika yasiyo na upande maalumu. Kwa mpango huo sifuri ya utulivu haiwezi kuchanganywa na kaskazini.

Hata hivyo, kanuni hizo ziliacha pengo. Mawimbi yaliyozaliwa na upepo wa mahali pale pale hayakupewa nafasi ya upande wake, kwa kuwa huchukuliwa kwamba yanafuata upepo. Dhana hiyo hufaa mara nyingi. Lakini upepo ugeukapo ghafla, mawimbi huendelea kwa muda na njia yake ya zamani, na taarifa haina mahali pa kusema hivyo.

Zama za vyombo

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Harald Sverdrup na Walter Munk walibuni njia ya kutabiri mawimbi kwa ajili ya majeshi yaliyotaka kushuka pwani, na kazi yao ikachapishwa mwaka 1947. Kutokana na kazi hiyo kimo cha mawimbi kilipata kipimo kilichokubalika, yaani wastani wa ile theluthi moja ya mawimbi yaliyo marefu kuliko yote. Suala la upande lilikuwa gumu zaidi, kwa kuwa lilimtegemea mtu aliyesimama sitahani akitazama kwa macho.

Mwaka 1963 zilichapishwa kazi mbili zilizobadili hali hiyo. Munk na wenziwe walieleza jinsi walivyoweka vyombo vya kupima kanieneo la maji karibu na kisiwa cha San Clemente, California, na kuyafuatilia mawimbi hadi chanzo chake, ambacho mara nyingine kilikuwa tufani za kusini ya Bahari ya Hindi. Kwao swali lilikuwa: mawimbi haya yametoka wapi? Nchini Uingereza, Longuet-Higgins, Cartwright na Smith walieleza boya lililopima kuinuka kwake pamoja na kuinama kwake pande mbili, na kutokana na miendo hiyo wakakadiria jinsi nguvu ya mawimbi ilivyogawanyika kila upande. Kwao mawimbi yalikuwa kitu kiendacho.

Boya lilileta maswali ambayo baharia hakuwa nayo. Kwanza, dira iliyomo ndani yake huonyesha kaskazini ya sumaku, ambayo si kaskazini ya kweli. Asiyesema ametumia ipi ameongeza kosa jingine. Pili, bahari haina wimbi moja. Je, upande utajwao ni wastani wa mawimbi yote, au ni wa yale yenye nguvu kupita mengine? Tatu, hata neno wastani lina mtego. Wastani wa kawaida wa nyuzi 350 na nyuzi 10 ni 180, yaani kusini, ambapo mawimbi yote mawili ni ya kaskazini! Hesabu sahihi huijumlisha mishale yenyewe badala ya tarakimu zake.

Kwa sababu hizo kamati za wahandisi ziliona haja ya orodha moja. Mwaka 1986 kikundi cha wataalamu wa IAHR, chama cha kimataifa cha utafiti wa nguvu za maji, kwa ushirikiano na PIANC, chama cha wahandisi wa bandari, kilitoa orodha ya vipimo vya hali ya bahari pamoja na alama na fasili zake. Hata hivyo desturi mbili hazikufa. Programu ya SWAN, itumiwayo na wahandisi wengi kukadiria mawimbi ya pwani, humtaka mtumiaji achague: ama desturi ya mabaharia, ihesabuyo yatokako kuanzia kaskazini kwa kufuata mwendo wa saa, ama desturi ya wanahisabati, ihesabuyo yaendako kinyume cha mwendo wa saa.

Suluhisho lililofaa kuliko yote lilikuwa la kilugha. Kanuni za CF za kuhifadhi takwimu za hali ya hewa na bahari, ambazo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2003, zina orodha ya majina sanifu. Humo desturi zote mbili zimepewa haki, lakini kila moja ina jina lake: moja lasema wazi upande yatokako mawimbi, na jingine upande yaendako. Neno la upande pekee halikuachwa lisimame bila ya nyongeza hiyo.

Fundisho kwa Kiswahili

Katika maandishi ya sayansi, dhana hii aghalabu hutafsiriwa kwa neno mwelekeo. Mwanaisimu hana budi kulichunguza. Mwelekeo umetokana na kitenzi elekea, na kuelekea ni kukabili au kwenda upande fulani. Kwa asili yake, basi, neno hili limekwisha chagua desturi ya mkondo. Anayeandika "mwelekeo wa mawimbi ni kusini" akikusudia mawimbi yatokayo kusini, kama kanuni za meli zitakavyo, amempa msomaji kinyume cha takwimu zake. Kosa hilo halikuwamo katika lugha aliyotafsiri. Limeingizwa na tafsiri.

Kwa bahati njema, dawa imo ndani ya sarufi ya Kiswahili yenyewe. Kirejeshi -ko hueleza bila ya kusitasita: upande utokako upepo, upande uendako mkondo, upande yatokako mawimbi, upande yaendako mawimbi. Aidha, upatanisho wa ngeli hukitaja tena kile kinachokwenda, jambo lisilopatikana katika lugha nyingi zilizoanza kuandika elimu hii. Neno mwelekeo lingebaki kwa maana yake ya asili, na kuhusu mawimbi lisitumike bila ya kirejeshi.

Hitimisho

Tangu mkutano wa Brussels hadi majina sanifu ya CF ulipita muda wa miaka 150. Katika muda huo vyombo vilikuwa bora na hesabu zilikuwa sahihi zaidi, lakini kosa la nusu duara halikuondolewa na chombo wala hesabu. Liliondolewa pale jina lilipotamka wimbi linatoka au linakwenda. Kiswahili kina uwezo wa kutamka hivyo tangu zamani. Wanaotunga kamusi za sayansi wana wajibu wa kuutumia kabla desturi ya neno moja haijakomaa katika vitabu vya wanafunzi, kwani istilahi ikisha kuzoeleka huwa ni vigumu mno kuing'oa.