Kipaza Sauti, Kikuza Sauti na Spika: Historia Fupi ya Maneno ya Gitaa la Umeme

Mwalimu mmoja wa wilaya ya Bariadi aliandika katika orodha ya mahitaji ya shule: kipaza sauti kidogo kimoja, cha kujifunzia gitaa. Akaletewa maikrofoni. Mnunuzi hakukosea, kwani neno hilo lina maana hiyo pia. Lakini fedha ilikwisha, na gitaa likakaa bubu mwaka mzima. Kisa hiki kimetufanya tuichunguze historia ya istilahi zinazohusika.

Usukumani haja ya kusikika mbali ni ya kale. Vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu, vilivyoanza katika karne ya 19, hushindana kwa kuvuta watazamaji. Mpiga zeze naye hutegemea kibuyu kilichofungwa kwenye chombo chake. Kwa kuwa kibuyu ni sehemu ya zeze, mpigaji hakuhitaji kukiagiza peke yake.

Gitaa la umeme, lililoanza kuuzwa Marekani mapema katika miaka ya 1930, lilitenganisha mambo hayo. Chombo kilitoa umeme hafifu tu, na sauti ikatoka katika kisanduku kingine. Leo Fender, aliyekuwa fundi redio huko California, alitengeneza katika miaka ya 1940 visanduku vidogo vya bei nafuu kwa wanafunzi.

Nchini kwetu mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Bendi nyingi za dansi, kama NUTA Jazz iliyoundwa mwaka 1964, zilipiga magitaa yaliyomilikiwa na taasisi. Magitaa, maikrofoni na spika viliitwa kwa jumla “vyombo”, na mwenye vyombo ndiye aliyekuwa mwenye bendi. Mpigaji hakununua kitu, hivyo hakulazimika kukitaja kila kifaa kwa jina lake. Leo, katika mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012, mwanafunzi, mwalimu au kwaya hujinunulia wenyewe. Neno la jumla haliwatoshi tena.

Yafaa basi tutofautishe. Maikrofoni hupokea sauti na kuigeuza umeme. Kikuza sauti huongeza nguvu ya umeme huo. Spika huurudisha kuwa sauti. “Kipaza sauti” kimebebeshwa maana zote tatu. Kisanduku cha mazoezi kina kikuza na spika pamoja, nasi twapendekeza kiitwe “kikuza gitaa”. Mafundi husema amplifaya, na hatuwakatazi. Lakini sabufa ya nyumbani si kifaa hicho: imeundwa kwa redio na simu, na gitaa likichomekwa humo moja kwa moja kwa kawaida husikika kwa unyonge, bila uangavu wake.

Istilahi iandamane na vipimo. Kwa chumba cha kujifunzia, wati 5 hadi 10 zatosha, pamoja na spika ya inchi 6 au 8. Wati 100 hazisikiki mara kumi ya wati 10, bali takriban mara mbili tu. Kwa hiyo si busara kulipia namba kubwa. Tundu la hedifoni huwaokoa majirani, na uwezo wa kutumia betri hufaa umeme unapokatika.

Kwa hiyo mwalimu wetu angeandika: “Kikuza gitaa kimoja cha mazoezi, wati 10, chenye spika ndani.” Twawaomba watafsiri, walimu na watumishi waandikao orodha za manunuzi wafuate mfano huo.