Daftari la Duka na Mashine ya Hesabu

Katika karne ya 19, tajiri wa Unguja aliyewapa watu wa misafara vitambaa na shanga kwa mali kauli, yaani kwa ahadi ya kulipa baadaye, alikuwa na kinga moja tu: daftari. Bidhaa iliondoka leo, pembe za ndovu zikarudi baada ya mwaka au zaidi, na katikati hapo palibaki maandishi na kuaminiana. Nyumba ya biashara ya Jairam Shivji ilikodi ukusanyaji wa ushuru wa forodha ya Zanzibar kwa miongo kadhaa. Sultani alipokea kiasi kilichokubaliwa kila mwaka. Kilichozidi kilikuwa siri ya makarani. Aliyeshika daftari ndiye aliyeijua biashara.

Ukoloni ulileta leja nene, fomu za nakala tatu na makarani wengi zaidi, lakini kazi ilibaki ileile ya mkono na kalamu.

Badiliko lenyewe lilitokea mahali ambapo wachache wangepatazamia: kwa wauza chai na keki. Kampuni ya J. Lyons ya London ilikuwa na mikahawa mingi, na faida ya andazi moja ilikuwa ndogo sana, kiasi kwamba gharama ya karani wa kulihesabu iliuma. Ikajenga kompyuta yake yenyewe, LEO, na mnamo Novemba 1951 mashine hiyo ikaanza kukokotoa kila wiki thamani ya bidhaa za tanuri. Haikuwa roketi wala bomu, ilikuwa mikate. Nadhani hapo ndipo historia ya programu za biashara inapopaswa kuanzia, kwa kuwa hitaji lilitangulia chombo.

Afrika Mashariki mambo yalikuwa kinyume. Mwaka 1965 kompyuta ya kwanza ya Tanzania, ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha. Jitihada za kuhamishia humo hesabu za serikali ziliharibika, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Wengi hulicheka katazo hilo siku hizi. Mimi silicheki sana. Nchi yenye uhaba wa fedha za kigeni ilikuwa imenunua mashine kabla ya kuwa na watu wa kutosha wa kuiendesha na kuisahihisha, na kosa hilo limerudiwa na matajiri wakubwa kuliko Wizara ile.

Mwaka 1972 wahandisi watano waliotoka IBM walianzisha SAP nchini Ujerumani, wakiwa na wazo kwamba mauzo, stoo na uhasibu visomeke katika mfumo mmoja. Toleo lao la R/3, la mwaka 1992, lilienea katika mashirika makubwa, na hofu kwamba mifumo ya zamani ingekosea tarakimu za mwaka 2000 ikaharakisha ununuzi. Mwaka 1999 Hershey, kampuni ya chokoleti ya Marekani, iliwasha mifumo yake mipya, R/3 ikiwamo, karibu na msimu wa Halloween. Peremende zilikuwa ghalani, wateja walikuwa wakizisubiri, na mfumo haukuweza kuzipeleka kwa wakati. Maagizo ya takriban dola milioni 100 yalikwama.

Biashara ndogo haikupita njia hiyo kabisa. Kwake mlango ulikuwa simu: M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, kisha mwaka 2009 mkongo wa intaneti wa baharini wa SEACOM ukafika Mombasa na Dar es Salaam. Amri ya kodi ikafuata. Mwaka 2010 Tanzania ilianza kuwataka wafanyabiashara waliosajiliwa kwa VAT watumie mashine za risiti, yaani EFD, na zilipopelekwa kwa wadogo zaidi, maduka yalifungwa kwa mgomo. Kampuni kubwa ilinunua mfumo ili ijione. Duka lilinunua mashine ili lionwe na serikali. Tofauti hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini mmoja hulalamikia programu yake na mwingine huifunika kitambaa.

Ingia leo duka la jumla la Kariakoo. Mashine ipo kaunta, taa yake ya kijani inawaka, na simu ya malipo iko pembeni. Chini ya kaunta kuna daftari la kurasa zilizokunjamana, lenye kalamu iliyofungwa kwa uzi. Mashine huhesabu mauzo. Nani kachukua mzigo kwa mali kauli na ataleta pesa lini, mwenye duka bado anayaandika humo kwa mkono.