Nje ya Nchi Huanzia Wapi? Safari ya Machakos, Desemba 2017

Tulikuwa wanne, sote wa skuli moja ya Chake Chake. Mmoja ni mtumishi wa serikali Wete. Aliomba likizo ya wiki moja na hakueleza ni ya nini. Wa pili hununua karafuu, wa tatu ni mvuvi wa Micheweni. Mimi nilikuwa na mitihani ya wanafunzi ya kusahihisha. Niliitia begini na kuirudisha kama nilivyoichukua. Tulivuka kwa boti kutoka Wete hadi Tanga, tukapanda basi la kuelekea Horohoro. Azma yetu ilikuwa moja: kuiona timu ya Zanzibar katika Kombe la Chalenji, lililokuwa likichezwa Kenya.

Mpakani, afisa mmoja mchangamfu alituuliza tunakwenda kufanya nini.

"Kuangalia timu yetu ya taifa," akajibu mwenzetu wa karafuu.

Afisa akacheka. "Kaka zangu, timu ya taifa imeshatolewa. Mtapishana nayo njiani."

Hakukosea. Tanzania Bara ilikuwa imeaga mashindano katika hatua ya makundi, na miongoni mwa walioifunga ni Zanzibar, mabao 2-1. Pasipoti alizozishika mkononi zilikuwa za Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, ilhali timu tuliyoifuata haina pasipoti yake. Tulicheka pamoja naye, akatugongea mihuri, tukapita. Lakini swali lilibaki nami hadi Mombasa: Mpemba anaposema anakwenda nje ya nchi, nje hiyo huanzia wapi?

Babu zetu wangeliona swali hili kuwa la ajabu. Ukanda wa pwani ya Kenya, wa maili 10 kutoka baharini, ulihesabiwa kisheria kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, ingawa Waingereza ndio walioutawala. Bendera nyekundu ya Sultani ilipepea Mombasa hadi 1963. Mvuvi aliyetoka Pemba akafuata samaki hadi Vanga, Shimoni au Kilifi hakuwa mgeni. Alikuwa amehama bandari tu. Wengi walihama hivyo, wakaoa huko, wakazikwa huko.

Kisha kalamu ikafanya kazi yake. Oktoba 1963, Waziri Mkuu wa Zanzibar na Jomo Kenyatta wa Kenya walibadilishana barua za kukubaliana kwamba ukanda ule uwe sehemu ya Kenya huru. Waziri Mkuu huyo alikuwa Sheikh Mohamed Shamte Hamadi, Mpemba. Huwauliza wanafunzi wangu jambo hili kila mwaka, na ni nadra kumpata mmoja anayelijua. Desemba Zanzibar ikapata uhuru, Januari 1964 yakawa Mapinduzi, na Aprili 26 ukawa Muungano na Tanganyika. Katika muda usiozidi miezi saba Mombasa iligeuka ugenini na Tanga ikageuka nyumbani, bila Mpemba wa kawaida kuulizwa lolote kuhusu ama hili ama lile.

Kandanda peke yake haikuhama. Mashindano haya yalianza 1926 kwa jina la Kombe la Gossage, kwa hisani ya kampuni ya sabuni ya William Gossage, yakizikutanisha Kenya na Uganda. Tanganyika ilijiunga 1945, na Zanzibar ikafuata kabla ya miaka ya 1940 kwisha. Muungano ulipokuja, michezo haikutiwa katika orodha ya mambo ya Muungano, na hadi leo haimo katika orodha iliyoambatishwa kwenye Katiba ya 1977. Ndiyo maana Zanzibar imeendelea kucheza Afrika Mashariki na Kati kama nchi, na 1995 ilitwaa kombe hilo hukohuko Uganda. Lakini nje ya ukanda huu, FIFA huhesabu dola, na dola ni moja.

Mwaka huo wa 2017 ulikuwa umetuonyesha mpaka huo kwa uwazi mchungu. Machi 16, mjini Addis Ababa, CAF iliipokea Zanzibar kuwa mwanachama wake wa 55. Watu walisherehekea. Julai, CAF hiyohiyo ikaufuta uanachama huo kwa hoja kwamba nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili. Tulikuwa taifa la Kiafrika kwa miezi minne.

Wapo wanaodai kwamba kuishangilia Zanzibar ni njama ya kuuvunja Muungano. Siafikiani nao, aliyekuwa akiifundisha timu ile, Hemed Suleiman "Morocco", baadaye aliifundisha Taifa Stars, na hakuna aliyemuuliza moyo wake uko wapi. Wala siafikiani na wanaharakati wanaodhani kiti cha CAF kingetibu kero zetu. Kiti hakimpi mtu kitambulisho.

Nasema hivyo kwa sababu ya usiku tuliolala pwani ya Kilifi, kwa mtoto wa ami yangu. Yeye alizaliwa Kenya, na baba yake aliishi huko tangu kabla ya uhuru, lakini hakuwa na kitambulisho cha Kenya wala cha Tanzania. Bila kitambulisho huna akaunti ya benki, huna laini ya simu kwa jina lako, huna leseni ya uvuvi. Ijumaa ya Desemba 15 tulitazama pamoja Zanzibar ikiitoa Uganda kwa mabao 2-1 katika nusu fainali ya Kisumu, na aliruka kuliko sisi sote. Tulipomwambia twende naye Machakos, alitikisa kichwa.

"Nyie nendeni, ndugu zangu. Barabara ile ina vizuizi. Wakiniuliza kipande nitawaonyesha nini?"

Mwenzetu mvuvi alinyamaza kwa muda, kisha akasimulia habari ambayo miaka yote hiyo hakuwahi kutusimulia. Januari 2001, baada ya risasi kupigwa na watu kuuawa katika maandamano ya wafuasi wa CUF, yeye alikuwa miongoni mwa watu zaidi ya 2,000 waliokimbilia Shimoni. Walivuka usiku kwa dau. Alirejea mwaka huohuo, na Oktoba Muafaka ukatiwa saini. Pasipoti yake ya 2017 ndiyo ya kwanza kumvusha upande ule kwa halali. Aliitoa mfukoni akaiweka juu ya meza mbele ya mwenyeji wetu, kisha akaona haya, akairudisha.

Tulikwenda wanne, kama tulivyotoka. Uwanja wa Kenyatta ulikuwa umejaa Wakenya, nasi tulijibanza na bendera yetu. Kenya walitangulia, Zanzibar wakasawazisha dakika za mwisho. Kenya wakatangulia tena katika dakika za nyongeza, Zanzibar wakasawazisha tena. Mikwaju ya penalti ilimpata kipa Patrick Matasi katika siku yake bora, na Kenya wakashinda 3-2. Mtumishi wetu wa serikali alilia waziwazi. Mkenya mmoja aliyekaa jirani alimnunulia soda.

Julai 2023, Rais William Ruto aliitambua rasmi jamii ya Wapemba kuwa mojawapo ya jamii za Kenya, na maelfu ya watu wakaanza kupata vitambulisho. Mtoto wa ami yangu alikuwa miongoni mwao. Januari 2025 Kombe la Mapinduzi lilichezwa kwa timu za taifa, na likaletwa Gombani, Chake Chake; Kenya nayo ilikuwamo. Alifunga safari, akauona mji wa babu yake kwa mara ya kwanza, na siku ya fainali tulikaa sote watano tukiitazama Zanzibar ikiifunga Burkina Faso 2-1. Nilimuuliza awali angeishangilia timu gani iwapo Zanzibar na Kenya zingekutana. Alinionyesha pasipoti yake mpya ya Kenya, yenye muhuri mmoja tu: wa kuingia Tanzania, mgeni, miezi mitatu.