Fumbo la As-Suli na Amana ya Kuhakikisha

Wanavyuoni wetu wamekhitalifiana juu ya mchezo wa sataranji. Imamu Shafi, ambaye sisi watu wa pwani twafuata madhehebu yake, aliuhisabu kuwa ni makuruhu, si haramu, maadamu hauna kamari ndani yake wala haumshughulishi mtu na Sala yake. Wengi katika madhehebu nyingine wakaukataza kabisa. Makala haya hayakukusudiwa kuufungua mlango huo. Tunalotaka ni kutazama namna watu wa zamani walivyoyatunga mafumbo ya mchezo huo na namna yalivyohakikishwa, kwani ndani yake mna somo ambalo kila nyumba inalihitaji.

Katika zama za Makhalifa wa Bani Abbas, Baghdad ilikuwa na mabingwa waliotunga vitabu juu ya sataranji. Ibn an-Nadim, katika Fihrist yake ya mwaka 377 Hijria (987), amewataja miongoni mwao Al-Adli, Ar-Razi, As-Suli na Al-Lajlaj. Vitabu vyao vilikuwa na mafumbo yaliyoitwa mansuba, yaani kete zilizopangwa ubaoni kwa makusudi, kisha msomaji akaulizwa: nani atashinda, na kwa njia gani?

Kutunga fumbo kama hilo si kazi nyepesi. Mtungaji huiona njia yake moja nzuri, akafurahi nayo. Kumbe pembeni ipo njia nyingine ambayo hakuikusudia. Fumbo likiwa na njia mbili limevuja, na uzuri wake umekwisha. Wazee wetu walisema: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Na mwerevu huyo pengine huligangua kwa mlango ambao mwenye fumbo hakujua kuwa upo.

Katika mansuba nyingi, upande unaotakiwa kushinda huwa nao umekaribia kushindwa: adui akipata nafasi moja tu, amekwisha mfunga Shaha wake. Kwa hivyo mshindi hulazimika kumtisha Shaha wa adui kwa kila hatua, bila ya kupumua. Mpango huo hulitia fumbo joto, na pia huziba njia nyingi za pembeni, kwani kila hatua isiyokuwa na tishio huwa ni maangamizi.

Aliyewashinda wote ni Abu Bakr As-Suli, aliyefariki Basra yapata mwaka 335 Hijria (946). Hakuwa mchezaji tu. Alikuwa mwandishi wa taarikh, mkusanyaji wa diwani za washairi, na mwalimu wa Ar-Radi kabla hajawa Khalifa. Al-Masudi anasimulia kuwa Khalifa Al-Muktafi alikuwa akimpendelea mchezaji wake aitwaye Al-Mawardi, na walipokutanishwa mbele yake, mwanzo alimshajiisha Al-Mawardi waziwazi. Lakini As-Suli aliposhinda ushindi usiokuwa na shaka, Khalifa aliuacha upendeleo wake. Ubao haumjui kipenzi cha mfalme.

As-Suli aliacha fumbo moja ambalo siku hizi huitwa Almasi. Lina kete nne tu: kila upande una Shaha na waziri. Waziri wa siku hizo alikuwa dhaifu, akienda hatua moja tu ya mshazari. Na kumnyang'anya adui kete zake zote hata Shaha akabaki peke yake kulikuwa ni ushindi. As-Suli alidai kuwa mweupe hushinda, na imepokewa kuwa alijifakhiri kwamba hapana aliyelijua jawabu ila aliyefundishwa na yeye. Dai hilo lilikaa zaidi ya miaka elfu, mpaka katika miaka ya 1980 Yuri Averbakh, bingwa wa Moscow, alipoifuata njia hatua baada ya hatua, akathibitisha kuwa As-Suli alisema kweli.

Sasa tazama mfano wa upande wa pili. Mchezo huu ulifika Ulaya kwa njia ya nchi za Kiislamu, na mwishoni mwa karne ya 15 waziri akapewa nguvu kubwa kuliko kete zote. Mwaka 1895, katika gazeti moja la Glasgow, Georges Barbier alichapisha fumbo, nalo pia lilikuwa la kete nne tu, akasema kuwa jawabu lake ni sare. Askari mweupe akifika mwisho wa ubao akageuzwa waziri, mweusi huitoa kadhabihu kete yake, na mchezo hukwama. Kila mtu hutaka kete iliyo na nguvu zaidi. Lakini mkasisi mmoja wa Kihispania, Fernando Saavedra, aliyekuwa akikaa mjini humo, alimgeuza askari kuwa rukhu, kete iliyo chini ya waziri, na mweupe akashinda! Barbier hakulificha jambo hilo. Aliutangaza ukweli katika gazeti lilelile, na hatua hiyo ndiyo iliyolibakisha jina la Saavedra mpaka leo.

Leo mashine za hisabu zimekwisha pitia kila mpango wa kete saba au chini ya hapo, na mafumbo mengi yaliyosifiwa yameonekana kuwa yalivuja.

Basi zingatia, ewe msomaji. As-Suli alidai na Barbier alidai, na kila mmoja alikuwa na yakini. Kilichowatenganisha ni uchunguzi wa mtu mwengine. Mwenye kutunga haulizi tu, "Je, jawabu langu linafungua?" Huuliza pia, "Je, hapana jingine?" Wanavyuoni wetu walilijua hili walipokuwa wakinakili vitabu: nakala haikuaminiwa mpaka ikalinganishwa na asili yake.

Ndani ya nyumba zetu twalisahau. Pesa zikipotea, baba humkamata mtoto aliyekuwa chumbani, kwa sababu jawabu hilo linaingia. Mume akichelewa, mke amekwisha hukumu. Mwari akinyamaza, jirani amekwisha fasiri. Jawabu linaloingia huenda si la pekee, na heshima ya mtu haifanani na kete ya mbao, ukiivunja ukairudisha mahali pake. Qur'ani imetuamrisha tuhakikishe habari kabla hatujawadhuru watu kwa ujinga tukaja kujuta.

Na mwenye kutuonyesha kosa letu, awe mkubwa au mdogo, wa kwetu au wa mbali, ametutendea hisani. Mwenyezi Mungu atujaalie macho ya kuuona ukweli na nyoyo za kuukubali. Amin.