Matundu ya Wavu

Mvuvi asiyepata dagaa kwa jarife hasemi kwamba bahari haina dagaa. Ajua ya kuwa matundu ni makubwa. Neno hili wenye elimu nao walijifunza kwa taabu.

Mwaka 1887 Bwana Victor Hensen, mwalimu wa chuo kikuu cha Kiel, Ujerumani, alivipa viumbe vichukuliwavyo na maji ya bahari jina la planktoni. Alitaka kupima chakula cha samaki, apate kuwafaa wavuvi. Mwaka 1889 alisafiri katika Bahari ya Atlantiki kwa meli iitwayo National, akivuta nyavu za hariri, kama ile ambayo wasagaji huchekechea unga. Humo mlinaswa tintinidi, vijidudu vya chembe moja viogeleavyo kwa vinyweleo, kila kimoja katika kijumba chake mfano wa kengele.

Lakini hesabu ilipunguka. Hata baadaye Hans Lohmann, naye wa Kiel, akatazama kinyama kiitwacho apendikularia, kijijengeacho nyumba ya ute yenye chujio jembamba kuliko hariri. Ndani yake alikuta viumbe vidogo mno ambavyo wavu uliviacha vipite.

Tena wako ndugu za tintinidi wasio na vijumba, ambao wakiguswa na wavu hupasuka. Nao hula mimea midogo kabisa, wakaliwa na vikamba vidogo, navyo vikaliwa na samaki wachanga.

Basi, tupimapo neema ya Mungu, tusiseme upesi, "Hakuna." Kwanza tutazame matundu ya wavu wetu.